Nipe Mji

Nalala mchana, mchana wa jua kali, katika ofisi ya mwalimu mkuu wa Shule ya Msingi Mkelenga, juu ya mkeka ambao akina mama wa kwaya wamenitandikia kati ya meza na kabati la vikombe vya michezo, na nje mafundi wanafunga vipaza sauti, moja mbili, moja mbili, na sauti hiyo inanibembeleza kama mvua juu ya bati. Naitwa Astelia Ndunguru, lakini hapa kwetu jina hilo halitumiki, wananiita Mwalimu, kwa kuwa nimewafundisha wengi wao historia kabla sijawa diwani, na sasa ninapogombea ubunge wanasema tunampeleka Mwalimu, hawasemi tunampeleka Astelia. Leo alasiri ni mkutano wangu wa mwisho wa kampeni. Tulipokuwa tunakula, Fulgensi Mapunda, meneja wangu wa kampeni, mtu ambaye hajawahi kunidanganya, ameniambia kwamba kura hazitoshi, mpinzani wangu anatupita, si sana lakini anatupita, na kwamba limebaki jambo moja tu la kutuokoa. Waambie ukweli wa Ng'ambo, Mwalimu, amesema. Waambie wale watu walikuja lini. Wakilisikia kutoka kwako hakuna atakayebisha.

Na ninajua walikuja lini. Ng'ambo ni kijiji kilicho upande wa pili wa mto Luhangasi, na watu wake walifika enzi za bibi zetu, wakikimbia njaa, na watu wa mlimani, yaani watu wangu, wakawaonyesha pa kulima, bonde ambalo siku zile lilikuwa la mbu na nyati na hakuna aliyelitaka. Sasa bonde ni zuri, lina maji, lina mpunga, na watu wangu wamekuwa wakilitazama kwa jicho ninalolifahamu, maana nimelifundisha darasani mara nyingi, jicho ambalo likishapata sentensi moja ya kushikilia halifumbi tena. Sentensi hiyo ninayo mimi. Sijamjibu Fulgensi ndiyo wala hapana, nimesema tu acha nijinyooshe kidogo, na sasa nimelala chali nikiitazama ramani ya nchi iliyochorwa ukutani kwa rangi ya mafuta, mikoa kwa rangi zake, maziwa na mito kwa buluu, na huku nikiitazama nawaza jinsi nilivyofika hapa, na naona njia yote ni historia tu, hakuna kingine. Mama yangu, Theodosia, alipika pombe ya komoni akaiuza kwenye kilabu chake cha makuti, na wazee walikuja kunywa na kubishana juu ya mambo ya kale, kila mmoja ana Maji Maji yake, kila mmoja baba yake ndiye aliyekuwa mbele, nami nilikuwa mtoto wa chini ya benchi, katikati ya miguu yao, nikisikiliza, na nilipenda maneno yale kuliko chakula. Ndiyo yaliyonipeleka chuo. Ndiyo yaliyonipa ualimu. Na ndiyo yaliyonitia kwenye siasa bila mimi kuomba, kwa maana koo mbili za hapa zilipotaka kukatana mapanga kwa ajili ya chemchemi, nilisimama mkutanoni nikawakumbusha jinsi babu zao walivyogawana maji yale, nani asubuhi, nani jioni, na ngoma gani ilipigwa kubadilishana zamu, wakashusha mapanga wakitazama chini, na mtu mmoja akasema, huyu ndiye awe diwani wetu. Tangu hapo nimejua kuwa habari za kale zina nguvu ya kushusha panga. Sijawahi kujiuliza kama zina nguvu ya kulipandisha.

Moja mbili, wanasema nje, moja, mbili, na kati ya moja na mbili nafasi inazidi kurefuka, na katika nafasi hiyo naona mto uliochorwa ukutani unatikisika. Nainuka kuutazama kwa karibu. Una maji. Naweka kidole, kinalowa, naweka mguu, na ukuta haunikatai, unanipokea kama matope laini yanavyopokea unyayo, na kabla sijasema lolote nimesimama kwenye barabara ya udongo mwekundu ambayo mbele haina mwisho na nyuma haina mwanzo, na anga lake si la asubuhi wala la jioni, lina mwanga wa aina moja tu, mwanga kama ule unaobaki ndani ya nyumba baada ya dirisha kufungwa. Kando ya barabara kuna miji. Kila mji una pacha wake chini ya ardhi, nauona kupitia ardhi kama mtu anavyoona chini kwenye maji matulivu, mji umepinduka, mapaa yakiwa yameelekea vilindini, na ule wa juu ni mji wa sasa na ule wa chini ni mji wa zamani, na watu wa juu wanapotembea, watu wa chini nao wanatembea, unyayo kwa unyayo, kisigino kwa kisigino, hakuna anayepiga hatua bila kubebwa na hatua ya mwenzake wa chini. Nainua mguu wangu kwa hofu. Chini yake mguu mwingine unainuka. Nasimama hapo muda mrefu, nikinyanyua mguu na kuushusha, nikinyanyua na kuushusha, na machozi yananitoka, si ya huzuni, ni yale ya kanisani, maana jambo nililolisema mbele ya ubao miaka yote, kwamba hakuna mtu anayesimama peke yake, sasa naliona kwa macho.

Anatokea mtu mrefu aliyevaa koti la mvua, na pale uso wake unapopaswa kuwa hakuna kitu, pamelainika kama ndani ya kibuyu kilichokwanguliwa. Simwogopi. Namwuliza hii ni barabara ya kwenda wapi. Kitendawili, anasema. Nami, kama mtoto yeyote aliyelelewa kwetu, najibu kabla sijafikiri, tega. Kila jioni namzika, anasema, na kila asubuhi ndiye anayeniamsha. Jana, nasema, na palepale mji mmoja unafunguka mbele yangu na naingia, na ni kilabu cha mama, makuti yale, pipa lile, wazee wale kwenye mabenchi ya mianzi wakibishana bila nyuso, na mama yuko anachota komoni kwa kata, naye hana uso, lakini mikono ni ile, kidole kile kilichopinda. Nataka kumkumbatia, ananipa kata nishike. Anauliza kama nimekula. Kisha ananiambia maneno aliyoniambia kila nilipomuuliza ni mzee gani asemaye kweli, Sikiliza wote, mwanangu, halafu utafute ambaye hajasema. Nanywa kidogo, komoni ni chachu na baridi, na ninapoinua macho kilabu kimeyeyuka na mwenye koti ananingoja barabarani. Ananitegea kingine, najibu. Ananitegea kingine, najibu. Kwa kila jibu ananipa mji, na miji yote ni ya maisha yangu, darasa langu la kwanza lenye madawati mabovu, chemchemi yenye watu wanaoshusha mapanga, ukumbi wa halmashauri siku nilipozuia soko lisijengwe juu ya makaburi ya watu ambao hakuna aliyewakumbuka ila mimi, na kila mji watu wake wananipigia makofi, wa juu na wa chini, nami natembea kifua mbele, najua kila kitu, hakuna kitendawili cha kunishinda, na siioni hatari iliyo katika jambo hilo.

Kitendawili, anasema tena. Tega, nasema. Jana alibisha hodi, leo anakaribisha, kesho atafukuza. Nacheka kwa wepesi wake. Mgeni, nasema. Hapana. Basi, mwenyeji. Hapana. Nafikiri, nageuza maneno huku na kule, hayafunguki, na mwenye koti anasubiri kwa adabu, kisha ananyoosha mkono na kusema, nipe mji. Ndiyo desturi. Anayeshindwa hutoa mji, na utotoni tulikuwa tunatoa mji wowote usio wetu, tunatoa Roma, tunatoa Unguja, tunatoa miji tusiyoijua, mwenzako anakwenda huko kwa maneno, anakula, anashiba, anarudi na jibu, hakuna anayepoteza kitu. Nami ulimini mwangu kuna jina moja tu, limekaa hapo tangu chakula cha mchana. Chukua Ng'ambo, nasema. Mwenye koti anainama kama mtu aliyepokea zawadi kwa mikono miwili. Nimekwenda Ng'ambo, anasema, na sauti yake sasa ni ya masimulizi, kama tulivyokuwa tukijigamba utotoni, nimekwenda Ng'ambo, nimekaribishwa kitini, nimekula wali mpya, nimeshiba, nimewaambia waondoke. Nasema ni mchezo tu. Ananionyesha kwa kidole.

Na Ng'ambo inaondoka. Sioni moto, sioni askari, sisikii mtu akilia, watu wanatoka tu majumbani mwao na kung'oa milango, kila nyumba mlango wake, wanajitwika kichwani na kuanza kutembea, wanaume na wanawake, mstari mrefu wa milango inayotembea juu ya vichwa, mingine ya mbao, mingine ya bati, mmoja una picha ya jogoo iliyochorwa kwa chokaa, na chini ya ardhi mji wao pacha unabomoka pia, mababu zao wanainuka na kuwafuata kichwa chini, unyayo kwa unyayo. Hawana nyuso. Lakini mmoja namtambua kwa mwendo, mguu wa kushoto unaoburuta kidogo, ni Bi Somoe, mkunga, mwanamke wa Ng'ambo aliyevuka mto kumzalisha mama yangu wakati wa mafuriko na kunipokea mimi mikononi mwake, na hadi leo, katika dunia ile niliyoiacha ukutani, yu hai, na kila ninapopita kwake hunipa chumvi ya kulamba kama mtoto. Nasimama mbele yake. Nasema, Mama, mnakwenda wapi? Anajibu bila hasira, na hiyo ndiyo inayonivunja, anasema, Nipishe, mwanangu, mlango mzito. Nampisha. Nampisha kweli, miguu yangu inasogea kando, nami natazama mgongo wake ukienda.

Namrudia mwenye koti mbio. Namwambia nirudishie, nimekosea, nilitoa bila kufikiri, chukua mji mwingine, chukua wangu. Miji hairudishwi, anasema, inakombolewa kwa jibu. Na jibu liko wapi? Anaitazama barabara kwa kichwa kisicho na macho. Nami nafikiri kama nilivyofundishwa kufikiri, nasema moyoni, kila aliyefika amebisha hodi kwa aliyemtangulia, kwa hiyo lazima awepo mmoja aliyefika bila kubisha, wa kwanza kabisa, mwenye nchi, na nikimpata huyo nitakuwa nimeshika mzizi wa kitendawili, maana huyo ndiye peke yake mwenye haki ya kusema ondoka. Nakwenda kumtafuta, nasema. Mwenye koti anafungua mwavuli ingawa hakuna mvua, na tunaanza kutembea.

Tunatembea na barabara inarudi nyuma kwa miaka. Miji ya bati inakuwa ya nyasi, nguzo za umeme zinakuwa miti, miti inakuwa minene, na nyimbo ninazozisikia kando ya njia zina maneno ninayoyajua nusu, kisha robo, kisha sijui hata moja ila machozi yake nayajua. Halafu wanatokea watu. Wanakuja kutoka kule tunakokwenda, wanatupita, nao ni wengi kuliko umati wowote niliowahi kuuhutubia, ni wengi kama siafu wakati wa masika, barabara nzima imejaa kutoka ukingo hadi ukingo na bado wanamiminika, wamebeba watoto, wamebeba kuku kwenye matenga, wamebeba mbegu ndani ya mafundo ya kanga na ya ngozi na ya magome ya miti kadiri tunavyozidi kurudi, wamebeba moto kwenye vigae vya vyungu wakiupulizia usizimike, na kila mmoja anatembea kwa namna ya mtu ambaye hajui kama atapokelewa. Hao ndio ambao nilifundisha habari zao. Niliwachora kwa mishale ubaoni, mshale kutoka kaskazini, mshale kutoka magharibi, nikipangusa mshale mmoja na kuchora mwingine, na sikujua kwamba ndani ya mshale kuna vumbi hivi, na kikohozi cha watoto, na harufu ya jasho na maziwa yaliyoganda, na mzee anayebebwa mgongoni huku akiuliza kama bado mbali. Napiga magoti kando ya njia. Mwenye koti ananingoja, hanihimizi, na wao wanaendelea kupita, na ingawa hawana nyuso najua kabisa kwamba ni watu wangu, na ni watu wa Ng'ambo, na ni watu wa mpinzani wangu, na siwezi kuwatenganisha, hata nikijaribu siwezi.

Kwenye kila mwinuko wa barabara amesimama mtu anayewapokea wanaofika, anasema karibu, anawaonyesha maji. Kwa wa kwanza nasimama, namuuliza, wewe ndiye mwenye nchi? Anainua mguu kunionyesha vumbi la safari kwenye gaga la kisigino chake. Anasema, muulize yule aliyenipokea mimi, na anaelekeza nyuma. Nakwenda kwa huyo. Naye ananionyesha mguu. Nakwenda kwa aliyempokea huyo, na kwa aliyempokea yule, mwinuko baada ya mwinuko, na kwenye mmoja wao namkuta babu wa babu yangu, najua ni yeye kwa kuwa wanamwita kwa jina la ukoo wetu, amefika na mke na mbuzi mmoja mgonjwa, anatetemeka, na anayempokea, anayempa moto na kumwambia mlima ule ni mtupu, kauchukue, ana mwendo wa kuburuta mguu wa kushoto. Namwangalia huyo kwa muda. Sijalisoma hili popote. Wazee wa kilabu hawakulisema hata mmoja wao, na walikuwa wakisema kila kitu. Nataka kumuuliza jina, lakini watu wanasukumana na mwenye koti ameshatangulia, na ninapogeuka mwinuko umefunikwa na wanaofika.

Mwishowe watu wanapungua, kisha wanakwisha, na barabara inakuwa njia, njia inakuwa dalili ya njia, nasi tunafika kwenye ukingo wa mto ambao bado haujaitwa jina. Hakuna mji hapa, wala juu wala chini. Natazama chini ya ardhi na kwa mara ya kwanza hakuna miguu chini ya miguu yangu, kuna mawe tu, na chini ya mawe kuna giza tulivu, na utulivu wake ni mkubwa hivi kwamba nanong'ona bila kuambiwa ninong'one. Na hapo ukingoni amesimama mwanamke. Ana kaa la moto kwenye kigae, ana mtoto mgongoni amelala, na ana uso. Ni uso wa kwanza ninaouona katika nchi hii, uso wa mtu aliyechoka, wenye kovu dogo chini ya jicho, na ni mzuri kiasi kwamba nashindwa kuutazama moja kwa moja. Basi huyu ndiye, nawaza, nimemfikia, huyu hakumkuta mtu. Lakini haingii. Amesimama pale maji yanapoanza, anatazama milima, anatazama nyasi, anatazama nyani walioko juu ya miamba, na anabisha hodi. Anabisha kwa lugha nisiyoijua na ninaielewa. Hakuna anayejibu. Anasubiri, kwa uvumilivu wa mtu aliyefundishwa adabu na mama yake, kisha anabisha tena, na mto unaendelea kupita, na moto kwenye kigae unafifia, naye haingii.

Namuuliza, na sauti yangu inatoka kama ya mtoto, kwa nini usiingie, Mama, hakuna mwenyewe. Ananigeukia. Sikuwahi kusikia pahali pasipo na mwenyewe, anasema. Ninangoja nikaribishwe. Nami naelewa kwamba ananingoja mimi. Nimekuja na shahada yangu, na udiwani wangu, na mishale yangu yote ya ubaoni, kumtafuta mtu mwenye haki ya kufukuza, na aliye wa kwanza kuliko wote amesimama kizingitini na moto unaozimika, hawezi kuingia kwa sababu hakuna wa kumwambia neno moja. Karibu, nasema. Anauliza, wewe ni mwenyeji? Nasema hapana, Mama, nami nimefika sasa hivi. Anacheka, na mtoto mgongoni anashtuka na kulala tena. Basi tukaribishane, anasema, anatia mguu majini na kuvuka, na anapopita karibu nami joto la lile kaa linanigusa shavuni.

Nageuka kwa mwenye koti. Nasema, jibu ni mimi. Jana nilibisha hodi, leo nakaribisha. Anasubiri. Na kesho nitafukuza, nasema, mimi ndiye, si mwingine. Umejibu, anasema. Kisha anaongeza, na ni mara yake ya kwanza kusema kitu kisicho kitendawili, Ila kesho haijafika. Anafunga mwavuli, na barabara yote tuliyoitembea inajikunja kama mkeka, na nipo tena mbele ya mstari wa milango, na mstari umesimama, umegeuka, unarudi. Namtafuta Bi Somoe hadi nampata. Sisemi nisamehe, sijui neno hilo lingetosha wapi, nashika tu upande mmoja wa mlango wake, naye ananiachia, tunaubeba pamoja, mzito kweli kama alivyosema, misumari yake inanichoma bega, na tunapofika kwake tunaupachika kwenye bawaba na yeye anaujaribu, anaufunga, anaufungua. Umekuwa na nguvu, mwanangu, anasema. Nataka kumuuliza juu ya yule wa mwinuko aliyeburuta mguu, kama ni wa kwao, kama walikuwa hapa kabla yetu, wakaondoka, kisha njaa ikawarudisha, lakini mtu ananishika bega lile lile linalouma na kuliita jina langu, si Mwalimu, Astelia.

Ni Fulgensi. Wamejaa, anasema, twende. Nimekaa juu ya mkeka, ramani iko ukutani, mto wake ni rangi tu. Nanawa uso kwenye ndoo, natoka, na kwaya inaimba, na uwanja wa shule umejaa watu hadi kwenye migomba, sijawahi kuona watu wengi hivi Mkelenga, na jua liko upande wa mlima, upande linakochomoza, ingawa Fulgensi anasema tumechelewa, ni alasiri tayari. Napanda jukwaani. Namtazama Fulgensi, naye anaitikia kwa kichwa kunitia moyo, na nampenda kwa uaminifu wake, na najua nitamvunja moyo. Nasema, ndugu zangu, mnataka niwaambie watu wa Ng'ambo walikuja lini, nami nitawaambia, ni haki yenu kujua. Nawaambia. Njaa ile, mto ule, bonde ambalo hakuna aliyelitaka. Naona shingo zinanyooka, naona lile jicho. Kisha nasema, sasa nitawaambia sisi tulikuja lini, na nawasimulia mbuzi mgonjwa, na babu wa babu yangu akitetemeka, na mtu aliyempa moto, na nasema jina la mtu huyo silijui, nimelitafuta na sijalipata, na yamkini wajukuu wake wanalima mpunga kule bondeni, na yamkini ni ninyi mnaonisikiliza. Nasema ninachokijua kuwa ninakijua, na nisichokijua kuwa sikijui, kama nilivyokuwa nikifanya darasani, na sauti yangu inakwenda kwenye vipaza sauti na kurudi kutoka mlimani ikiwa pana kuliko nilivyoitoa.

Baadhi wanaondoka. Kundi la vijana nyuma linapiga mluzi. Fulgensi amevua kofia yenye picha yangu, ameishika mkononi, haivai wala haitupi. Halafu anasimama Mzee Hilmari Kapinga, mkubwa wa koo za mlimani, mtu ambaye neno lake ni kura za vitongoji vyote vya juu, na watu wananyamaza kabla hajafungua kinywa. Mwalimu, anasema, kwa hiyo unataka tukuchague uende bungeni kuwaambia kwamba sisi ni wageni kwetu? Nashika kipaza sauti kwa mikono yote miwili. Ndiyo, babu, nasema. Na kwamba tulipokelewa.

Anabaki amesimama. Anaegemea fimbo yake na kunitazama, na umati wote unamtazama yeye, na hakuna mtoto anayelia wala jani la mgomba linalotikisika, kimya kimetanda uwanja mzima, na ndani ya kimya hicho, wazi kabisa, karibu kama uko nyuma ya madarasa, nausikia mto Luhangasi ukipita juu ya mawe yake, mto ambao kutoka hapa shuleni, tangu nizaliwe, haujawahi kusikika.